Walemavu wamechoka kupigwa picha, wapeni kompyuta!

Na Mwandishi wa Kujitegemea

KILA ifikapo Desemba 3 nchi hii hupatwa na homa ya huruma ya siku moja. Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hiyo mwaka 1992 kuwa ya watu wenye ulemavu duniani, na wakubwa wetu wameipenda kweli kweli. Maturubai yanafungwa, viti vya plastiki vinapangwa, mgeni rasmi anachelewa saa mbili, ngoma inapigwa, risala inasomwa. Kisha zinaletwa baiskeli za magurudumu matatu, magongo na fimbo nyeupe. Mheshimiwa anashika usukani upande mmoja, mlemavu anashika upande wa pili, wote wanatazama kamera. Pwaa! Picha imetoka. Mheshimiwa anapanda shangingi lake, na walemavu wanabaki na vumbi hadi Desemba nyingine.

Sina ugomvi na baiskeli. Asiyeweza kutembea anaihitaji, na fimbo nyeupe kwa asiyeona ni kama macho yake. Ninachouliza ni kimoja tu: baiskeli hiyo impeleke wapi? Kwenye shule ipi? Kwenye kazi gani? Ukimpa mtu chombo cha safari huku umemfungia barabara, hujamsaidia. Umemfanyia kiinimacho.

Leo nataka tuambiane ukweli. Zipo kazi chache sana duniani ambazo mwili haushindani na mtu, na kazi ya kompyuta ni mojawapo. Lakini hiyo ndiyo kazi ambayo vijana wetu walemavu hawaandaliwi kuifanya. Na nitaonyesha hapa kwamba ile nyimbo ya "fedha hakuna" imepitwa na wakati, maana kifaa muhimu kuliko vyote siku hizi kinatolewa bure.

KAZI YA KIVULINI

Najua wewe uliyekaa kijiweni unatikisa kichwa. Unajiuliza, asiyeona ataitumiaje kompyuta wakati kioo hakioni? Swali zuri, na jibu lake ni rahisi. Zipo programu zinazosoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo. Mtumiaji anavaa spika za masikioni, anaacha mausi, anatumia vitufe vya kibodi peke yake. Akibonyeza herufi, anaisikia. Akihamia mstari mwingine, anasomewa. Akikosea, anaambiwa. Anayetunga programu za kompyuta kazi yake ni kuandika maneno na alama mstari kwa mstari, na maneno hayo yanasikika kama yanavyoonekana.

Kiziwi ndiyo kabisa. Kompyuta haimwiti mtu kwa sauti. Maagizo yote yako kwenye kioo, na mwenzake wa ofisini anaweza kumwandikia ujumbe. Mwenye mikono dhaifu ambaye hawezi kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kompyuta nyingi zina mpango wa kumruhusu abonyeze kimoja baada ya kingine. Asiye na miguu anachohitaji ni mlango usio na ngazi na meza ya kimo chake. Basi!

Halafu wako ndugu zetu wenye ualbino. Nchi hii inawaacha wengi wao walime na kuchuuza juani, jua lile lile linaloiunguza ngozi yao na kuwaletea saratani, kisha tunawahurumia wakiwa wodini. Hivi kuna kazi inayowafaa kuliko ya kukaa kivulini mbele ya kompyuta, maandishi yakiwa yamekuzwa mara tatu au nne ili macho yasome bila kuumia? Programu ya kukuza maandishi imo ndani ya Windows tayari, hainunuliwi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha.

WALIOTANGULIA

Tusije tukaambiwa hizi ni ndoto za mwandishi mwenye njaa. Unaposukuma picha kwenye simu yako kwa intaneti, unatumia kanuni zilizobuniwa miaka ya 1970 na Wamarekani wawili, Vint Cerf na Robert Kahn. Cerf ana matatizo ya kusikia tangu ujana wake na huvaa vifaa vya masikioni. Intaneti yote hii tunayojidai nayo mjini, mmoja wa baba zake ni mtu asiyesikia vizuri.

Mnataka wa Afrika? Nendeni Ghana. Farida Bedwei alizaliwa na ulemavu wa ubongo unaotatiza mwendo na viungo. Mama yake alimfundisha nyumbani alipokuwa mdogo. Leo ni mhandisi wa programu anayefahamika bara zima, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Logiciel, iliyotengeneza mfumo wa kompyuta unaotumiwa na taasisi za mikopo midogo midogo. Angezaliwa mtaani kwetu, huenda tungemwekea kopo mbele yake pale kituo cha daladala na kumdondoshea sarafu.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo inayoua visingizio. Zamani programu ya kumsomea asiyeona ilikuwa mali ya matajiri. Ile inayoitwa JAWS leseni yake ilikuwa mamia ya dola. Mwaka 2006, huko Australia, kijana asiyeona aitwaye Michael Curran alianza kuandika programu nyingine, akaungana na mwenzake James Teh, naye haoni. Waliona si haki mtu mwenye macho apate kompyuta kwa bei moja na asiyeona alipe mara mbili. Programu yao inaitwa NVDA. Inatolewa bure, imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50, na sauti inayokuja nayo inajua hata kusoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege.

Bure, jamani! Vijana wawili wasioona wamemaliza kazi ambayo wizara zenye macho zilipaswa kuihangaikia. Na kwenye simu nyingi za Android kuna msomaji wa sauti aitwaye TalkBack ambaye yuko tangu mwaka 2009. Inawezekana yumo kwenye simu uliyonayo mfukoni sasa hivi, amelala tu, hajawahi kuamshwa.

TUNAKWAMIA WAPI?

Kama kifaa ni cha bure, mbona benki na kampuni za simu hazijajaa vijana walemavu kwenye vyumba vya kompyuta? Tuifuate njia ya mtoto mmoja tangu shule, tuone ni wapi anapoangushwa.

Kwanza anaangushwa kwenye hesabu. Kwa miaka mingi imekuwa desturi yetu mtoto asiyeona akifika sekondari asukumwe kwenye masomo ya sanaa, eti hisabati na sayansi hazimuwezekani. Nani kasema? Abraham Nemeth wa Marekani alizaliwa haoni, akawa mwalimu wa hisabati chuo kikuu, na ndiye aliyebuni namna ya kuandika hesabu kwa nukta nundu, ikaanza kutumika huko kwao mwaka 1952. Sisi wakati huo Tanganyika bado tunatawaliwa na Mwingereza! Mbinu ina umri wa babu, na bado tunamwambia mtoto kwamba hesabu si zake. Ukishamnyima hesabu akiwa na miaka 14, usije ukamuuliza akiwa na miaka 20 kwa nini hakusomea kompyuta.

Pili anaangushwa na mwalimu, na wala si kosa la mwalimu. Mara nyingi anayejua kufundisha wasioona na viziwi hakufundishwa kompyuta, na anayejua kompyuta hakufundishwa nukta nundu wala lugha ya alama. Chuo cha Patandi kule Arusha kimetoa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Kila anayetoka pale angetakiwa aondoke anajua kuiweka NVDA kwenye kompyuta na kumfundisha mtoto kuitumia kwa masikio. Hiyo si elimu ya roketi. Ni kazi ya wiki chache.

Tatu anaangushwa na jengo. Chumba cha kompyuta kinawekwa ghorofani kwa kuogopa wezi, na mwenye baiskeli ya magurudumu anabaki chini akisikiliza wenzake wakicheka juu. Kiziwi anapanda ngazi vizuri, anakaa, anamtazama mwalimu akiongea huku amegeukia ubao. Hakuna mkalimani. Kipindi kizima anaangalia mgongo wa mtu.

Nne anaangushwa na ufundi tunaomchagulia. Serikali inavyo vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu: Yombo hapa Dar es Salaam, Sabasaba kule Singida, Masiwani kule Tanga na vinginevyo. Ni jambo jema kuwa navyo. Lakini mtaani kwetu ukitaja ufundi wa mlemavu, kila mtu anawaza cherehani, viatu, ufagio na vikapu. Fundi cherehani ni mtu wa heshima, asinielewe vibaya. Ila kwa nini mwenye miguu achague kati ya kazi 100 na mlemavu achaguliwe kati ya 4, tena zile zinazouawa kila siku na mitumba na bidhaa za plastiki kutoka China?

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Mzuri kwenye karatasi. Tunauliza mapema kabla mambo hayajaharibika: kijana kiziwi, asiyeona, asiye na mkono, katika mkondo huo atapangiwa kompyuta, au atarudishiwa cherehani ile ile kwa jina jipya?

SHERIA IPO, IMELALA

Nchi hii haina upungufu wa karatasi. Mwaka 2009 tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka huo. Upo mkakati wa elimu jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Ukizibeba karatasi zote hizo unaweza kuvunjika mgongo ukawa mlemavu mwenyewe.

Sheria ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Piga hesabu. Kampuni yenye watu 200 inadaiwa 6. Yenye watu 1,000 inadaiwa 30. Sasa wewe unayekwenda benki, unayekwenda kwenye maduka ya kampuni za simu, wahesabu kwa macho yako. Umewaona?

Ukiwauliza waajiri, wana jibu walilolikariri: wenye sifa hawapatikani. Ukienda shuleni kuuliza kwa nini hawaandaliwi, unaambiwa hata wakisoma nani atawaajiri? Umeona mchezo huo? Mwajiri anamsubiri mwalimu, mwalimu anamsubiri mwajiri, na mlemavu anawasubiri wote wawili nje ya geti. Huo ni mpira wa danadana, na mpira wenyewe ni maisha ya mtu.

Wala hatuzungumzii watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Ukiingiza timu mbili uwanjani, wachezaji 22, kwa hesabu hiyo wawili wao ni walemavu. Na hawa wawili tumewaweka benchi tangu kipenga cha kwanza, kisha tunalalamika nchi haifungi mabao.

"MBONA SISI WAZIMA HATUNA KAZI?"

Nawasikia mnavyonong'ona. Mwandishi, sisi wenye viungo vyote tuna vyeti na tunapiga soga kijiweni, unatuletea habari za walemavu? Naliheshimu swali hilo, maana na mimi nina cheti cha kidato cha nne ambacho hakijanilipia hata kodi ya chumba.

Jibu la kwanza: anayewanyima ninyi ajira ndiye anayewanyima na wao. Shule isiyo na mwalimu wa kompyuta haimchagui mwenye macho au asiye nayo, inawaacha wote gizani. Tofauti ni kwamba wewe ukikosa kompyuta unaweza kubeba zege, kupiga debe, kuendesha bodaboda. Mwenzako mlango huo wa pili hana.

Jibu la pili lichukue polepole. Hujafa hujaumbika. Nenda Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wodi za majeruhi. Utawakuta vijana wa rika lako, wenye misuli kama yako, waliotoka asubuhi na pikipiki wakiwa na miguu miwili. Wengine wanarudi nyumbani na mmoja. Siku hiyo ikikufika, Mungu aepushe, utataka kukuta nchi iliyojiandaa kukupa kazi, au utataka baiskeli na picha?

WENZETU WALIFANYAJE?

Hakuna haja ya kubuni upya. Mwaka huo huo wa 1992, kwenye Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, mama mmoja msomi, Sheryl Burgstahler, alianzisha mradi uitwao DO-IT. Walichukua wanafunzi wa sekondari wenye ulemavu, wakawapa kompyuta zenye vifaa vinavyomfaa kila mmoja, wakawaleta chuoni wakati wa likizo waonje maisha ya chuo, na wakawaunganisha kwa barua pepe na watu wazima wenye ulemavu waliokwisha kupata kazi. Ukiacha kompyuta, kilichobaki ni akili na moyo: mtoto amwone mtu mzima mwenye hali kama yake anayelipwa mshahara, aulize maswali, ajaribu kazi kabla hajamaliza shule.

Mtasema Marekani ni mbali na wana mapesa. Haya, vukeni Namanga. Mwaka 2009 Mkenya Irene Mbari-Kirika alianzisha taasisi ya inABLE, ikaanza kuweka kompyuta zinazoongea kwenye shule ya wasioona ya Thika na kuwafundisha watoto. Thika si Seattle. Umeme wao unakatika kama wetu.

Na hapa kwetu, nisiwe mnafiki, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umewahi kupeleka vifaa vya kompyuta kwenye baadhi ya shule za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Tunapongeza. Lakini kompyuta bila mwalimu ni kabati. Inafunikwa kitambaa, inasubiri mgeni rasmi.

TUNATAKA NINI?

Tunadai mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Moja, mtoto asiyeona afundishwe hisabati hadi kidato cha nne, kwa nukta nundu na kwa kompyuta, na asiachishwe kwa huruma.

Mbili, kila kompyuta inayonunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya shule iwekewe NVDA kabla haijatoka stoo. Ni bure. Atakayesema hakuna fungu aonyeshwe mlango.

Tatu, VETA, DIT na vyuo vikuu vyenye masomo ya kompyuta wawe na wakalimani wa lugha ya alama walioajiriwa, na chumba kimoja cha kompyuta kisicho na ngazi.

Nne, serikali itangaze kila mwaka, kwa majina, waajiri waliotimiza asilimia 3 na wasiotimiza. Ianze na wizara zake yenyewe. Tunachapisha matokeo ya mitihani, tushindwe kuchapisha majina ya waliofeli sheria?

Tano, kila mfumo wa kompyuta wa serikali upimwe na asiyeona na kiziwi kabla ya kuzinduliwa. Marekani, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, taasisi za serikali kuu zinabanwa zinunue teknolojia ambayo mlemavu naye anaweza kuitumia. Kazi ya kupima mifumo ni ajira, na hapo mlemavu ndiye mtaalamu namba moja. Hakuna mwenye macho anayeweza kumshinda asiyeona kwa kujua ni wapi kitufe hakisomeki.

Na halmashauri zile zinazotoa mikopo ya asilimia 10, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, ziache kudhani kikundi cha walemavu lazima kifuge kuku. Wakija vijana watatu wanaotaka kufungua ofisi ya kompyuta, wasikilizwe kama wafanyabiashara.

Na wewe mshikaji, hujaachwa nje ya daftari hili. Kama unajua kompyuta, mtafute kijana mmoja asiyeona mtaani kwako. Ukiwa na bando, ipakue NVDA, iweke, kaa naye jioni tatu. Kama huna kompyuta, ifungue TalkBack kwenye simu yake, mfundishe kutelezesha kidole na kusikiliza. Pale Kariakoo mafundi simu wamefundishana wenyewe kwa kutazamana mikono, bila wizara. Kiziwi naye ana mikono na ana macho, mpe kiti mezani pako.

Lile neno "wasiojiweza" tulizike. Wanajiweza sana. Wasiojiweza ni wale wenye sheria mkononi tangu 2010, wenye programu ya bure tangu 2006, wenye ofisi, magari na posho, na bado wanashindwa kumfundisha mtoto mmoja kuwasha kompyuta. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wa kwetu wanayo macho, na tumewaambia. Tuone sasa.